Upepo wa Daftarini

10 Februari

Shikamoo Mama Mkubwa,

Itikia kwa sauti hata kama uko peke yako jikoni, maana mwenyewe ulisema salamu ya karatasi isipoitikiwa inachacha. Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, ila akisikia mgeni sebuleni anashuka mbio. Baba amenunua miwani mipya na sasa analalamika kwamba sote tumezeeka.

Uliniuliza habari za kazi. Kreni ya mnara ni yangu tangu Desemba. Miaka miwili nimefunga mizigo na kutoa ishara chini, leo nakaa mimi kibandani, mita sitini juu, naona paa za watu na nguo walizosahau kuanua. Wanaume wa chini waliacha kunitania siku nilipoliweka tanki la tani mbili mahali pake bila kugusa ukuta. Msimamizi hakunisifu. Aliniambia tu kwamba kiti hicho kina watu saba wanaokisubiri, na kwamba mwezi wa sita atakagua kazi yangu aamue kama nabaki. Mama Mkubwa, nakipenda kile kiti kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa.

Sasa nina swali, si langu. Kuna rafiki yangu kazini, mwanamke wa umri wangu. Moyo wake huanza mbio ghafla, amekaa tu, hajakimbia wala hajagombana na mtu. Unapiga kama mtu anayegonga mlango wa choo amebanwa. Dakika nane, dakika kumi, halafu unaacha ghafla vilevile. Wewe umepima mioyo ya watu miaka ishirini na tisa, nikasema nikuulize. Mama usimwambie, ataanza kumhurumia huyo rafiki na kutaka kujua jina lake.

Mwanao,
Twiga

22 Februari

Twiga mwanangu,

Marahaba, tena kwa sauti kubwa. Baba yako mkubwa alikuja mbio kutoka uani akidhani namwita. Tangu astaafu anatengeneza vitu. Bomba la jikoni amelitengeneza mara tatu, sasa linavuja pande zote mbili. Kazini tumeletewa mashine mpya ya kupimia umeme wa moyo, inachora kwa rangi. Mioyo yenyewe ni ileile.

Umefanya vizuri kuandika. Simu ya nyumbani kwenu mama yako huisikiliza akiwa chumba cha pili, na wewe simuni unacheka kila kitu hadi sijui kinachokuuma ni kipi. Karatasi haina kicheko.

Huyo rafiki yako mpe pole. Naye ana miguu mirefu na anakula amesimama? Haya, siulizi. Wasichana wa namna hiyo nawapima kila wiki. Wanalala kitandani wameshika roho mkononi, mashine inachora mstari safi kabisa, wanaondoka wameona aibu. Ni wasiwasi tu. Kazi mpya, usingizi wa mang'amung'amu, kahawa kama maji. Apunguze kahawa, alale, na siku ya mapumziko aende akapimwe aridhike.

Nakuandikia nikiwa na watu kumi na wanne nje ya mlango, mmoja anakohoa makusudi ili nimsikie. Msalimie mama yako na magoti yake yote mawili.

Mamako mkubwa

12 Machi

Shikamoo Mama Mkubwa,

Tumshukuru Mungu, tunaendelea vizuri. Baba amepoteza ile miwani na anaitafuta bila kuiona, hilo ni la kawaida. Mama ameanza kutembea asubuhi na jirani, wanazunguka mtaa mara moja na kukaa kwenye ngazi saa nzima wakizungumza. Hayo anayaita mazoezi.

Rafiki yangu alikusikiliza. Kahawa kaacha, kichwa kikamuuma siku tatu. Tarehe tano mwezi huu moyo ukamwenda mbio tena, bila kahawa. Tarehe kumi, siku yake ya mapumziko, akaenda kupimwa. Mstari ukatoka safi, kama ulivyosema. Daktari alitazama saa mara mbili, ya ukutani na ya mkononi, akamwambia hana kitu, ni wasiwasi, atafute mtu wa kumuoa atulie.

Alirudi nyumbani akiwa mdogo kuliko alivyokwenda. Kama ni wasiwasi, anauliza, mbona huja hata siku ambazo amefurahi? Na mbona mtu mzima kama yeye hawezi kuuamrisha moyo wake?

Nijibu haraka nimpelekee.

Twiga

8 Aprili

Mama Mkubwa, shikamoo.

Wiki nne sijapata neno lako, na wewe hujawahi kunyamaza hata ukiwa umekasirika. Siku ile kreni ya kampuni nyingine ilipoanguka ng'ambo ya mto na kutangazwa redioni, ulinipigia mara kumi na moja. Simu zetu hufungiwa kabatini getini, wewe hukujua. Nilipokupigia saa tisa mchana Baba Mkubwa akasema umelala. Wewe, saa tisa mchana? Nikauliza kama unaumwa, akasema bomba linavuja.

Sasa nakuambia hata kama umekataa kunijibu. Hakuna rafiki. Najua ulijua.

Tarehe mbili mwezi huu nilikuwa nimeinua nondo, tani moja na nusu, ziko juu ya ghorofa ya tisa na watu sita chini yake wanazisubiri. Moyo ukaanza. Mikono ikawa ya baridi, macho yakaniingia giza pembeni. Mtoa ishara ananiashiria nishushe, mimi sishushi, sipandishi. Nilihesabu dakika nne. Kisha nikazishusha polepole, zikakaa mahali pake, wakafungua kamba, wakaendelea na maneno yao. Hakuna aliyejua. Nikapumzika mpaka moyo ukatulia, nikaandika kwenye daftari la kibandani: kazi imesimama dakika kumi na tano, upepo.

Ndivyo ninavyoandika kila mara. Sheria inaruhusu kusimama kwa upepo, na mita sitini juu hakuna wa kunibishia. Ila juzi msimamizi aliniita akauliza, kwa upole ulionitisha, kwa nini kreni ya pili, iliyo mita themanini kutoka kwangu, haikupata upepo siku hiyo.

Nikisema ukweli nashushwa. Nisiposema, siku moja nitaua mtu. Niambie la kufanya.

Mwanao

21 Aprili

Twiga,

Marahaba mwanangu. Nilikuwa na shughuli. Mwandiko huu usiushangae, kalamu ndiyo mbovu. Baba yako mkubwa hajambo, amekatazwa kugusa bomba.

Barua yako nimeisoma mara tano. Kwanza: hukuua mtu. Mikono yako ilishusha mzigo ule moyo ukiwa unakimbia, ungekuwa mwoga ungeuachia. Pili: sitaki tena kusikia neno wasiwasi kwenye barua zetu, liwe langu au la daktari mwenye saa mbili.

Fanya hivi. Chukua lile daftari, nakili kila tarehe uliyoandika upepo wa uongo tangu Desemba. Kando yake niandikie tarehe ambazo hedhi yako ilianza. Usione haya, mimi nilikufulia nepi.

Ikianza tena kabla hujapata jibu langu, weka mzigo chini, kaa, vuta pumzi, ifunge, kisha jikaze kwa nguvu kama aliyekwama chooni, sekunde kumi na tano. Usicheke. Mara nyingi moyo hutii. Na usipande kama unahisi dalili hata kidogo.

Mamako mkubwa

3 Mei

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mama na Baba wazima, sitaongeza kitu hapo maana nina hasira.

Baba Mkubwa amenipigia. Aliongea kuhusu bomba dakika tano, kisha akashindwa kuendelea kuficha. Anasema ulilazwa siku tisa, kwenye idara yako mwenyewe, tangu siku ile ya redio. Unanihoji mpaka siku zangu za mwezini halafu unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kalamu mbovu. Nani alikufundisha kuficha? Au ni ugonjwa wa ukoo?

Haya, tarehe zako hizi. Upepo: tisa Januari, sita Februari, tano Machi, mbili Aprili, na juzi, ishirini na tisa Aprili. Hedhi: kumi na moja Januari, nane Februari, saba Machi, nne Aprili, Mei mosi.

Nilipomaliza kuziandika nilikaa nazitazama. Mimi ndiye niliyeandika daftari lile kwa mkono wangu, miezi mitano, na sikuwahi kuona.

Hiyo ya juzi nilijikaza kama ulivyosema. Ikaisha kwa sekunde ishirini. Nilicheka peke yangu kule juu hadi mtoa ishara akaniuliza kwenye redio ya kazini kama niko sawa.

Sasa zamu yako. Ulikuwa na nini?

Twiga

14 Mei

Mwanangu Twiga,

Umenikamata. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi msemo huo nimewaambia wagonjwa mpaka umechakaa.

Nitaanza na wewe. Upepo gani huu unaokuja kila baada ya siku ishirini na saba au nane, na kila mara siku mbili kabla ya hedhi? Moyo wako, nadhani, umezaliwa na kinjia cha ziada cha umeme. Siku nyingi kimelala. Lakini homoni za kike, estrojeni na projesteroni, hupanda na kushuka kila mwezi, na siku za mwisho kabla ya hedhi estrojeni inaposhuka, moyo husikia adrenalini kwa wepesi zaidi. Adrenalini ndiyo ile inayomwagika mwili unapokuwa katika shinikizo: msimamizi, watu saba wanaosubiri kiti, nondo juu ya vichwa vya watu. Mambo mawili yakikutana, kile kinjia kinaamka na umeme unaanza kuzunguka humo kama mtoto aliyepewa baiskeli. Tarehe kumi Machi ulipokwenda kupimwa, hedhi ilikwisha kuanza, kimelala tena. Mstari ungekuwaje mchafu? Mashine haikudanganya, tuliikosea siku. Nami ningepaswa kukuuliza siku tangu Februari.

Sasa mimi. Hedhi yangu ilikoma miaka sita iliyopita, na ile estrojeni iliyokuwa ikinikinga kimyakimya ikaondoka nayo. Nilikuwa nimekaa na barua yako ya Machi mapajani, nimeanza kukujibu. Redio ikasema kreni imeanguka katika mji wako, mwendeshaji amefariki. Nikapiga simu mara kumi na moja. Kwenye ile ya nane kifua kilibana, taya likauma, nikajua. Mshtuko ulimwaga homoni nyingi kwa mpigo mmoja, na upande mmoja wa moyo ukazubaa, ukaacha kusukuma vizuri. Mishipa haikuziba. Huwapata zaidi wanawake wa umri wangu, na mara nyingi hupona wiki chache. Ninapona. Sikukuambia kwa sababu ungejilaumu, na ungepanda kreni ukiwa umejilaumu.

Pale kitandani, mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizi daktari, alinishika mkono akaniambia, "Usijali mama, ni mshtuko tu." Ni msichana mwema na alikuwa sahihi. Lakini lile "tu" lilinichoma, nikakumbuka kwamba nami nilikuandikia "wasiwasi tu" nikiwa na haraka na foleni. Nisamehe.

Hesabu yangu inasema tarehe ishirini na sita au saba mwezi huu. Kuna kifaa cha kuvaa kifuani, kinarekodi moyo saa zote. Nimezungumza na mwenzangu wa hospitali ya mjini kwenu, atakuvisha tarehe ishirini na tano. Ila siku hizo usipande. Na huwezi kutopanda bila kumwambia msimamizi. Hilo sikufanyii mimi.

Mamako mkubwa

2 Juni

Shikamoo Mama Mkubwa,

Umesamehewa, lakini nitakukumbusha kila ukinizidi maneno. Mama anauliza kwa nini nakuandikia sana, nikamwambia unanifundisha mapishi. Hakuamini, anajua unavyopika.

Tarehe ishirini na nne nilikwenda ofisini kwa msimamizi, lile banda la bati, na daftari mkononi. Nilikuwa nimechukua kalamu nyekundu, kila palipoandikwa upepo wa uongo nikapiga mstari mmoja, juu yake nikaandika: mwendeshaji aliugua moyo kwenda mbio. Na sahihi yangu. Mara tano. Alisoma kurasa zote akiwa amesimama.

"Daftari hili likisema uongo, watu wanakufa," akasema.

"Ndiyo maana nimelileta."

Alifungua droo akanionyesha karatasi. Alikuwa ameorodhesha tarehe zangu zote tano na vipimo vya upepo vya kreni ya pili. Alikuwa ananisubiri nimalize mwezi, kisha anifukuze bila hata kuniuliza. Alichukua ufunguo wa kibanda mkononi mwangu. Akasema kiti atakikalia mwingine kuanzia kesho, mimi nirudi chini kutoa ishara, na nikileta karatasi ya daktari wa moyo tutazungumza. Sikulia pale. Nililia kwenye choo cha eneo la ujenzi, mahali pasipofaa hata kwa kulia.

Kifaa nilivaa. Tarehe ishirini na saba, saa nne asubuhi, nikiwa chini natoa ishara, ukaanza. Mama Mkubwa, sijawahi kuufurahia ugonjwa, lakini siku ile niliufurahia. Niliacha bendera, nikakaa kwenye tofali, nikauacha ukimbie dakika nzima upigwe picha vizuri ndipo nikajikaza. Daktari wa moyo, mwanamama mwenye sauti nzito, alinionyesha mstari: mapigo mia moja tisini na nane kwa dakika. Akasema kinjia kipo kama ulivyodhani. Wanapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, wanakiunguza, na wengi hawasumbuki tena.

Wamenipa tarehe nne Julai. Nitakwenda. Baba najua nitamwambia nini, Mama bado.

Mwanao,
Twiga

16 Juni

Twiga wangu,

Marahaba. Nimerudi kazini nusu siku, na baba yako mkubwa ananisindikiza mpaka mlangoni kama mtoto wa darasa la kwanza. Bomba tumeita fundi.

Hiyo kalamu nyekundu imenitia fahari kuliko ningeweza kukuambia uso kwa uso. Kiti waachie wakikalie miezi miwili, kitachoka nao. Tarehe nne Julai utakuwa macho, utasikia moyo ukirukaruka wakiutafuta pale mahali, usiogope, wanafanya hivyo makusudi. Baada ya hapo usibebe kitu kizito wiki moja, hata wivu.

Na mama yako mwambie. Mimi na yeye tumezaliwa nyumba moja, na nimemficha mambo ya kutosha mwaka huu.

Mamako mkubwa

27 Agosti

Shikamoo Mama Mkubwa,

Kwanza moyo na kazi, najua ndizo habari unazozitafuta. Waya ulipita, kinjia kikaunguzwa, nilikuwa macho na nilimsikia yule daktari akiimba. Julai na Agosti siku zangu zilikuja na kupita, nimezihesabu zote mbili, moyo haukukimbia. Nilipeleka karatasi kwa msimamizi. Aliisoma, akaagiza nipande pamoja na mwendeshaji mwingine wiki mbili akiniangalia, na jana akanirudishia ufunguo. Hakusema neno la sifa. Ila ametangaza kwamba kuanzia sasa mwendeshaji yeyote akijisikia vibaya ashuke na aandike hivyohivyo, na hataulizwa kwa nini kreni ya pili inaendelea. Mwanamume mmoja wa ile kreni ya pili alikuja kunishukuru, hakusema kwa lipi.

Sasa la Mama. Nilimwambia jioni moja Juni tukiwa tunakunja nguo, kabla ya hospitali. Nilimweleza yote: siku mbili kabla ya hedhi, jinsi unavyoanza ghafla, mikono ya baridi, giza pembeni mwa macho, na jinsi unavyoacha. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu aliniomba nimpe muda, na siri ilikuwa yake kuitoa. Jana amenipa ruhusa.

Aliacha kukunja. Unajua kwamba aliacha ualimu akiwa na miaka thelathini na miwili, na sisi sote tuliambiwa alichoka na watoto wa watu. Haikuwa hivyo. Kila mwezi, mara moja, alikuwa akisimama mbele ya darasa moyo unaanza, anashika meza, sauti inakatika, watoto wanamcheka. Alikwenda kupimwa mara mbili, mstari safi. Wakamwambia ni woga wa kusimama mbele ya watu. Akawaamini. Aliandika barua ya kuacha kazi, na miaka ishirini na minane amejiita mwoga kimoyomoyo. Hakukuambia wewe, dada yake, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukipima, na aliona aibu kukuletea mstari safi wa tatu. Yake iliisha hedhi ilipokoma.

Nilimwambia hatuna uhakika, huenda hatutajua kamwe kama naye alikuwa na kinjia. Hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameshika shati la Baba mapajani.

"Kwa hiyo haikuwa woga?" akaniuliza.

"Hapana, Mama. Haikuwa woga."

Alirudia swali mara mbili nami nikajibu mara mbili. Leo asubuhi ameomba karatasi na kalamu, amejifungia chumbani, anakuandikia wewe. Mjibu siku hiyohiyo.

Mwanao,
Twiga